Gia Uliyopandia Haitoshi Kushukia

Kona ya nne kutoka kileleni, harufu inaingia kupitia dirishani. Kali, ya kitu kinachoungua bila moshi. Abiria wa mbele anasema ni lile lori lililo mbele. Dereva anakubali, anapandisha kioo. Bonde limefunguka upande wa pili wa kingo za chuma, ukungu umelala chini kabisa, na barabara inaonekana ikijikunja mara tatu au nne kabla ya kupotelea mitini. Garini wote wanatazama huko. Dereva anakanyaga breki kabla ya kona ya tano, na pedali inashuka chini zaidi kidogo ya ilivyoshuka kwenye kona ya nne. Upana wa kidole tu.

Si harufu ya lori.

Mambo kama haya mara nyingi huisha salama, kwa sababu mteremko huisha kabla breki hazijaisha. Ninayemfikiria kwa wiki kadhaa sasa si dereva mzembe, mzembe anaeleweka. Namfikiria yule aliyefunzwa vizuri, anayeshuka kwa kilomita 60 kwa saa, gari lake halina tatizo, na ameifuata kanuni aliyofundishwa: shuka na gia ileile uliyopandia.

Alipanda na gia ya nne. Anashuka na gia ya nne.

## Kanuni ya magari ya zamani

Waliotunga kanuni hiyo walijua kazi yao. Gari la enzi zao lilikuwa na nguvu kidogo ukilinganisha na ujazo wa injini yake. Lilipanda mlima likikoroma kwa gia ya pili, na lilipoteremka kwa gia hiyohiyo lilikoroma vilevile, injini ikilizuia. Kupanda na kushuka vilikuwa mizani moja: mlima uliohitaji gia ndogo kuupanda ndio uliohitaji gia ndogo kuushuka.

Mizani hiyo imevunjika.

Uwezo wa injini kulizuia gari hautokani na nguvu za farasi. Unatokana na mambo mawili: ujazo wa silinda na kasi ya mizunguko. Kwenye injini ya petroli, ukiondoa mguu kwenye mafuta, njia ya hewa hufungwa karibu yote. Pistoni zinalazimika kuvuta hewa isiyopatikana, na kazi hiyo ya bure ndiyo inayolishika gari. Silinda zikiwa kubwa na zikienda mbio, gari linashikwa zaidi. Turbo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, haisaidii hapa, kwa kuwa mguu ukiwa nje ya mafuta haina cha kusukuma.

Kwa hiyo injini ya lita 1.2 yenye turbo inaweza kupanda kama ya lita 2 isiyo na turbo. Kwenye kushuka, inazuia kama ya lita 1.2.

Dizeli ina shida yake. Injini nyingi za dizeli hazifungi njia ya hewa namna ile, ndiyo maana malori hufungiwa breki ya ziada inayobana moshi unaotoka, au kifaa cha kupunguza mwendo kwenye shafti. Gari dogo la dizeli kwa kawaida halina kimojawapo.

Gia moja chini ya uliyopandia ndipo pa kuanzia, na mbili ikiwa gari limejaa watu na mizigo. Lakini hata hilo ni kukisia. Kipimo chenyewe ni hiki: mteremko unapoanza, toa mguu kwenye mafuta na usiguse breki. Gari likibaki kwenye mwendo ule, au likaongeza polepole sana, gia ni sahihi. Likichukua kasi hadi ukatamani breki ndani ya sekunde chache, gia bado ni kubwa.

Injini italia. Mizunguko 3,500 au 4,000 kwa dakika inatisha masikio yaliyozoea 2,000, ila maadamu mshale haujafika kwenye mstari mwekundu, injini haiumii. Kwenye mizunguko 1,500 karibu hakuna kinachokushika.

## Lita 44 za maji

Gari la kilo 1,500 likishuka mita 1,000 za kimo, linapoteza nishati ya karibu megajuli 14.7. Namba hiyo haisemi kitu mpaka uigeuze: ni joto la kutosha kuchemsha lita 44 za maji kutoka nyuzi joto 20.

Joto hilo haliepukiki. Ukishuka taratibu au kasi, kwa ustadi au bila ustadi, kimo ni kilekile na deni ni lilelile. Kuna wa kulilipa watatu tu. Hewa na matairi huchukua sehemu yao bila kuombwa. Injini huchukua kadiri ya gia uliyoichagua, na kwa kuwa ina rejeta na mfumo mzima wa kupoza, inaweza kuifanya kazi hiyo kutwa. Kinachobaki kinaangukia diski nne za chuma, au diski mbili na ngoma mbili.

Chukua Stelvio, kule Italia. Barabara ile ilijengwa kati ya 1820 na 1825, na mhandisi Carlo Donegani aliipitisha kwenye kona za U 48 upande mmoja pekee, kila moja na namba yake, ili magari ya kukokotwa na farasi yaweze kufika mita 2,757. Kona zilipunguza ukali wa mwinuko. Kimo hazikukipunguza. Ukishuka upande huo hadi bondeni umeteremka zaidi ya mita 1,800, na hesabu ya zile lita 44 inakaribia mara mbili.

Tunachoweza kuamua ni muda. Kwenye mteremko wa asilimia 8, yaani kushuka mita 8 kila mita 100, gari lile la kilo 1,500 likienda kilomita 60 kwa saa linazalisha karibu kilowati 20 za joto mfululizo. Kwa kilomita 30 ni karibu kilowati 10. Diski inayopokea nusu ya joto kwa wakati inapata nafasi ya kuliachia hewani.

## Kukanyaga na kuachia

Hapa ndipo nilipokwama zaidi, kwa sababu watu wanaojua kazi hawakubaliani.

Wapo wanaosema shikilia breki kidogo mfululizo, mguu mwepesi, mwendo usibadilike. Wengine wanasema kanyaga kwa uthabiti, kisha achia kabisa. Madereva wa malori makubwa Marekani hufundishwa njia ya pili: chagua mwendo salama, ukiufikia kanyaga kwa nguvu ya kutosha kuhisi gari linapungua, shusha karibu kilomita 8 kwa saa chini ya mwendo huo, achia, ngoja lipande tena, rudia. Kwa gari dogo, tuseme acha lifike 50, lirudishe 42, achia.

Fizikia haimpi upande wa pili ushindi mkubwa kama wanavyodhani. Wastani wa mwendo ukiwa mmoja na gia ikiwa moja, jumla ya joto linaloingia kwenye breki ni ileile. Hakuna joto linalookolewa kwa mtindo wa mguu.

Bado nipo upande wa kukanyaga na kuachia, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya malori zaidi: breki ikiguswa kidogo tu, si magurudumu yote hufanya kazi sawa. Machache yanabeba mzigo wote na kuungua huku mengine yakiwa baridi. Ukikanyaga kwa uthabiti, yote yanaingia kazini. Ya pili inamhusu kila dereva: anayeachia breki anapata kuona gari linafanya nini bila breki. Likichukua kasi upesi mno, anajua gia ni kubwa. Anayeburuza mguu juu ya pedali kilomita kumi hajui chochote mpaka harufu imwambie.

Kwa hiyo mabishano ya mguu yanaficha swali la mkono. Ukijikuta unahesabu mara unazokanyaga, jibu liko kwenye gia.

Na gia hiyo ichaguliwe kileleni, kabla pua ya gari haijainama. Katikati ya mteremko, ukikanyaga klachi gari linakuwa huru, linachukua kasi, na gia ndogo inaweza kukataa kuingia. Sasa huna gia yoyote. Ikibidi kubadilisha ukiwa tayari unashuka, tanguliza breki: punguza mwendo kabisa mahali palipo wazi, kisha shusha gia moja kwa harakati moja.

Kuhusu kuweka fri ili kuokoa mafuta: kwenye injini ya kisasa, ukiachia mafuta gari likiwa kwenye gia, kompyuta hukata petroli yote, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka fri, injini inalazimika kujichomea mafuta ili isizimike. Unatumia zaidi na unaiachia breki deni lote. Kuzima injini ni hatari zaidi, kwani usukani unakuwa mzito, na busta ya breki, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wako, inabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu.

## Wasio na klachi

Herufi D ya gari la otomatiki haijui kuwa mbele kuna mteremko. Baadhi ya otomatiki za kisasa huhisi na kushusha gia zenyewe, nyingine hupanda hadi gia kubwa kabisa pale unapoachia mafuta, kinyume cha unachotaka. Tafuta L, 2, S au alama ya M yenye kujumlisha na kutoa, na uijue kabla ya safari. Ikikataa kushuka gia haijaharibika, inailinda injini isizunguke kupita kiasi. Punguza mwendo kwa breki, kisha omba tena.

Haibridi, yaani magari yenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, na magari ya umeme yanaleta jambo jipya. Kushuka kunachaji betri, na hilo ni zuri mpaka betri ijae. Haibridi ya kawaida isiyochomekwa ina betri ya kilowati-saa (kWh) 1 hadi 2 hivi, wakati zile mita 1,000 zina thamani ya kWh 4 kabla ya makato ya hewa na matairi. Betri itajaa njiani. Herufi B kwenye magari mengi ya aina hiyo ipo kwa ajili ya wakati huo: injini inazungushwa ili ilizuie gari. Kwa gari la umeme tupu, usilijaze asilimia 100 ukiwa kileleni. Betri iliyojaa haina pa kuweka nishati, na ule uzuiaji uliouzoea unapungua au unatoweka kwenye kona za kwanza kabisa.

## Macho ya dereva

Watu hupanda milimani kwa ajili ya mandhari, na dereva ndiye mwenye haki ndogo kuliko wote ya kuyatazama. Gari hufuata macho. Ukitazama bonde, mikono inaelekea bondeni taratibu bila kukuuliza. Ukitaka kuona, simama mahali palipotengwa, gari zima likiwa nje ya njia, na kamwe si ndani ya kona au mara tu baada yake.

Lakini macho ya dereva yana kazi nzuri pia. Ukiingia kwenye kona, tafuta pale ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana. Sehemu hiyo ikikukaribia kadiri unavyosogea, kona inazidi kubana na mwendo wako ni mkubwa. Ikibaki umbali uleule, endelea hivyo. Ikianza kukukimbia, kona inafunguka na unaweza kurudisha mafuta. Umbali hadi hapo ndio nafasi yote uliyo nayo ya kusimama.

Nafasi hiyo ni fupi kuliko inavyohisiwa. Kwenye lami yenye maji, gari linaloweza kusimama ndani ya mita 35 kutoka kilomita 60 kwa saa kwenye tambarare litahitaji karibu mita 46 kwenye mteremko wa asilimia 10. Ongeza mita 17 za sekunde moja ya kushtuka.

Breki zote zimalizwe kabla ya kugeuza usukani. Kona ya U yenye nusu kipenyo cha mita 12, ukiipita kwa kilomita 20 kwa saa, nguvu inayowasukuma watu pembeni ni kama robo ya uzito wao. Kwa kilomita 30 inazidi nusu. Tofauti ya kilomita 10 tu, na nguvu imezidi mara mbili. Abiria wa nyuma anayeanza kumeza mate na kunyamaza anaumwa na namba hiyo. Mweke mbele, atazame mbali barabarani, simu iwekwe chini. Kisha punguza.

## Nani ampishe nani

Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unasema kwamba kwenye barabara za milimani ambako kupishana ni vigumu, anayeshuka ndiye anayetoa njia kwa anayepanda, isipokuwa sehemu za kupishania zimepangwa kiasi kwamba ni rahisi anayepanda kusogea. Maana yake ni ya kiufundi: anayepanda akisimama, kuondoka tena ni shida. Lori lililojaa linaweza lisiondoke kabisa.

Barabara nyingine zimejitungia utaratibu wake. Kwenye barabara ya zamani ya Yungas, Bolivia, magari hupita kushoto tofauti na nchi nzima, ili dereva anayeshuka awe upande wa korongo na aweze kuchungulia dirishani kuona tairi lake liko wapi. Uswisi, kwenye barabara za posta za milimani, basi la posta lina kipaumbele na dereva wake anaweza kukuelekeza urudi nyuma. Kabla ya kona isiyoonekana hupiga honi yake ya sauti tatu. Ukiisikia, tafuta pa kusimama kabla hujaliona.

Honi fupi kabla ya kona iliyofichwa si utovu wa adabu. Usiku, taa zinafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kwenye ukungu tumia taa za chini, kwa kuwa taa kubwa zinaurudisha mwanga machoni pako.

## Pedali ikibadilika

Kuna kushindwa kwa aina mbili, na mguu unaweza kuzitofautisha.

Pedali ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari halipungui, pedi zimepita kiwango chake cha joto na hazishiki tena diski. Pedali ikiwa laini na kuzama, mafuta ya breki yamechemka. Kimiminika hakibanwi, mvuke unabanwa, na mguu wako sasa unabana mvuke. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi. Yakishanyonya maji kutoka hewani kufikia asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. DOT 3 huanzia 205 na kushuka hadi 140. Hapo ndipo tofauti ya magari mawili yanayofanana huonekana: moja lilibadilishwa mafuta ya breki, jingine halijaguswa tangu litoke kiwandani. Watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na mtu anayeishi tambarare anaweza kupuuza agizo hilo kwa miaka bila kuona tofauti.

Ikitokea, washa hazadi na usizime injini. Pampu pedali haraka mara kadhaa. Mafuta yakiwa yamechemka, kupampu kunaweza kurudisha shinikizo kidogo. Shusha gia moja moja, usiruke. Vuta breki ya mkono taratibu huku umebonyeza kitufe chake, ili magurudumu ya nyuma yasifunge na kuligeuza gari. Ile ya kuvuta kwa waya haitegemei mafuta yaliyochemka. Ikiwa ni ya umeme, shikilia swichi yake bila kuiachia.

Ukiona njia ya dharura yenye changarawe, ingia mapema na uelekee katikati. Watu huikwepa kwa kuogopa kuharibu gari, wakaikosa, na baada yake hakuna nyingine. Isipokuwepo, upande wa mlima una matuta, vichaka na mtaro. Kuparuza ubavu wa gari hapo kwa pembe ndogo kunapunguza mwendo. Upande wa pili hauna kitu.

## Chini ya mlima

Aliyefika chini na harufu ya breki asisimame papo hapo na kuvuta breki ya mkono. Barabara ikiwa tambarare na pedali ikiwa bado nzima, aendeshe polepole kilomita mbili au tatu bila kugusa breki, hewa ipite kwenye diski. Ikiwa kuna moshi, au pedali imeshalegea, basi asimame mahali pa usawa, aweke gia au P, azuie tairi kwa jiwe, na asubiri nusu saa au zaidi. Asizimwagie breki maji. Chuma chenye moto kikipoozwa ghafla hupinda au kupata nyufa, na diski iliyopinda itatikisa usukani kila akikanyaga breki.

Kinachodanganya ni kwamba breki zitarudi. Mvuke hupoa na kuwa kimiminika tena, pedali inapanda juu, gari linasimama vizuri, na mtu anaondoka akiamini tatizo limekwisha. Lakini mafuta yaliyochemka leo bado yana maji yaleyale ndani yake, na pedi zilizoungua zinaweza kuwa na uso mgumu, unaong'aa, usioshika. Fundi afungue magurudumu aangalie pedi na diski, mafuta ya breki yatolewe yote na kuwekwa mapya, hewa itolewe kwenye kila gurudumu. Gari lisipande mlima mwingine kabla ya hapo, hata kama kwenye tambarare linasimama vizuri.